Sigari za Cuba kwa ajili ya jioni ya mjomba: nizitunze vipi katika kiangazi cha Lubumbashi?

Mpwa wa Kampemba aliuliza:

Nawasalimu nyote. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, anastaafu mwishoni mwa mwezi wa nane baada ya miaka 34 ya kazi ya mgodi, na sisi wapwa zake tumekubaliana kumwandalia jioni ya heshima nyumbani kwake, barazani, watu wasiozidi 20, muziki ukiwa wa chini ili wazee wasikilizane. Jamaa mmoja ninayefanya naye biashara ya vipuri vya magari alirudi safarini mwezi wa tano akaniletea zawadi kwa ajili ya siku hiyo: kisanduku cha sigari 25 za Cohiba, chapa ya Cuba. Naandika “sigari” makusudi, nikimaanisha ile inayosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu, kwa kuwa “sigara” kwa wasomaji wengi ni ile nyembamba ya karatasi, ambayo sisi huku tunaiita sigareti.

Zawadi yenyewe ina hadithi ya nyumbani. Babu, baba yake mjomba, alikuwa mpishi kwa mhandisi mmoja Mbelgiji katika miaka ya 60, wakati mji ulipokuwa ndiyo kwanza umebadilishwa jina kutoka Élisabethville kuwa Lubumbashi. Wageni wakimaliza kula waliwasha sigari, na babu alipokwenda kutoa vyombo aliokota vipande vilivyobaki kwenye visahani vya majivu, akavifunga katika karatasi, akavipeleka nyumbani mtaa wa Kenya ili avikatekate na kuvivuta kwenye kiko chake usiku. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, na anasema harufu ile haijamtoka puani mpaka leo. Kila tukikutana kwenye sikukuu hurudia maneno yale yale, kwamba siku moja ataivuta nzima, kuanzia kichwani, wala si mkia wake.

Sasa taabu yangu. Kisanduku ni cheusi, kinang’aa, kina kifuniko cha kioo na kufuli ndogo ya rangi ya dhahabu. Nilikiweka juu ya kabati chumbani nikakiacha. Juzi nilikifungua nikakuta sigari mbili jani lake la nje limepasuka na kubanduka kama ganda la kitunguu, na nyingine ina tundu dogo la duara, kana kwamba mtu ameitoboa kwa pini. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama huu ni ukame wa kiangazi tu au kuna jambo jingine, kama naweza kuziokoa kabla ya siku yenyewe, na namna mzee ambaye hajawahi kuvuta sigari nzima anavyopaswa kuelekezwa ili asiaibike mbele ya wenzake.

Kijana wa Ruashi alijibu:

Ndugu, sitaki kukuvunja moyo, lakini katika mji huu nimeona sigari nyingi zinazopigwa picha kuliko zinazovutwa. Yupo mfanyabiashara mmoja ninayemfuata mtandaoni ambaye tangu Krismasi anapiga picha na sigari ile ile. Nimeitambua kwa mkunjo mmoja wa pete ya sigari hiyo, yaani karatasi inayoizunguka, na haijawahi kuwa na majivu. Afadhali wanasape wa Brazzaville na Kinshasa, wale watanashati wa mavazi, ambao wengi wao hubeba kiko au sigari isiyowashwa pamoja na fimbo na soksi za rangi, na kila mtu anajua kwamba ni pambo. Muulize mjomba wako kama hangependa zaidi godoro jipya.

Mzee wa Kamalondo alijibu:

Mwanangu, nilihudumu katika baa ya hoteli moja ya mji huu kwa miaka 19, na kwa muda huo wote ufunguo wa kabati la sigari ulikuwa mfukoni mwangu. Nimesoma barua yako mara mbili. Kabla ya habari ya unyevu, inatubidi tuzungumze juu ya kile kioo.

Cohiba haijawahi kutoka kiwandani ikiwa katika kisanduku chenye kifuniko cha kioo. Nasema haijawahi. Kisanduku cha kioo ni alama ya wauzaji wa ufukweni na wa mitaani wanaowangoja wageni, kwa sababu mnunuzi asiyejua hupenda kuona pete za njano na nyeusi zikiwa zimepangwa, akadhani ameona mali. Kisanduku cha kweli ni cha mbao, na kina maneno yaliyochomwa kwa moto upande wa chini: Habanos S.A., ambalo ni jina la kampuni ya sigari za Cuba, Hecho en Cuba, yaani imetengenezwa Cuba, na Totalmente a mano, maana yake imetengenezwa yote kwa mkono, maneno ambayo yalianza kuwekwa mwaka 1989. Kando yake pana herufi za kiwanda na mwezi na mwaka wa kufungwa, zilizopigwa kwa muhuri wa wino. Upande wa mbele kushoto hubandikwa hati ya dhamana ya serikali ya Cuba, ya rangi ya kijani, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1912; zile za miaka ya karibuni zina picha inayometameta ukiigeuzageuza kwenye mwanga, na namba ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Kisha angalia pete ya sigari. Katika sehemu yake nyeusi kuna safu za vimraba vidogo vyeupe. Kwenye pete ya bandia mara nyingi utaona safu ya juu imekatwa nusu, kwa kuwa aliyechapa alikata kwa mkasi wa haraka.

Jambo la pili ni bei. Mwaka 2022 kampuni ya Cuba ilipandisha bei za Cohiba duniani kote, ikazilinganisha na bei za Hong Kong, na tangu hapo kisanduku cha sigari 25 ni fedha ya kununulia pikipiki. Rafiki wa vipuri hutoa zawadi nzuri, sikatai, lakini jiulize kama angekupa pikipiki.

Nisionekane kama ninayemsingizia mtu nisiyemjua. Yeye mwenyewe huenda amedanganywa, nami nimekwisha kuona mawaziri wakidanganywa. Njia ya kujua ni kuitoa mhanga sigari moja. Chukua ile iliyotoboka, ipasue kwa wembe kwa urefu wake wote juu ya karatasi nyeupe, uifungue kama unavyofungua samaki. Sigari ya mkono ya aina hiyo ina majani marefu, yaliyokunjwa kutoka mguu, yaani upande unaowashwa, mpaka kichwa, upande wa mdomoni, na kila jani lina kazi yake: majani ya chini ya mmea, wanayoyaita volado, husaidia moto uwake vizuri, ya katikati, seco, huleta harufu, ya juu kabisa, ligero, yaliyopigwa na jua zaidi, ndiyo yenye nguvu, nayo huwekwa katikati kwa sababu huungua polepole. Juu yake kuna jani la kuyafunga yote, na nje ndipo linapovikwa lile jani laini lililokuzwa chini ya kivuli cha kitambaa. Cohiba inaongeza jambo moja: baadhi ya majani yake ya ndani huchachushwa mara ya tatu, ilhali sigari nyingine za Cuba haziendi mbali hivyo. Ukifungua ukakuta majani marefu, omba radhi kwa niaba yangu kwa rafiki yako. Ukikuta makombo, basi unalo jibu.

Kuhusu tundu: hilo si ukame. Ni kazi ya mdudu wa tumbaku, mdogo, wa rangi ya kahawia, anayemfanania fukusi wa mahindi. Mayai yake hukaa ndani ya jani, na joto likizidi nyuzi 24 hivi huanguliwa, buu wake akala njia yake mpaka nje. Juu ya kabati, chini ya bati, mwezi wa tano, hapo umemwandalia kitanda. Dawa yake ni baridi: sigari zinafungwa katika mifuko miwili ya plastiki, zinawekwa siku moja kwenye friji, siku tatu kwenye jokofu la kugandisha, kisha siku moja tena kwenye friji kabla ya kutolewa nje, ili jani lisishtuke likapasuka. Lakini wewe na mimi tunaishi Lubumbashi, na umeme ukikatika kwa muda wa saa nane katikati ya siku tatu hizo, kazi yote inaanza upya. Mimi nilikuwa nikipeleka kwa mwenye duka la samaki, ambaye alikuwa na jenereta.

Kuhusu kupasuka: huo ndio ukame. Mwezi wa saba kwetu milango inalegea kwenye fremu na midomo ya watoto inachanika; utarajie nini kwa jani jembamba kuliko karatasi ya Biblia? Sigari hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na ubaridi wa nyuzi 16 hadi 20 hivi. Huhitaji kununua sanduku la fahari la mwerezi. Sanduku la plastiki la kuwekea chakula, lenye kifuniko kinachobana kwa mpira, linatosha kabisa, ukiweka ndani kipande cha mbao za mwerezi zisizopakwa rangi na kile kifuko cha unyevu kilichoandikwa 65 au 69, ambacho hutoa maji hewa ikikauka na kuyanywa ikizidi. Usiweke kipande cha tufaha wala kiazi, kama wengine wanavyoshauri, utavuna kuvu. Na usiwe na haraka. Sigari iliyokauka ikirudishiwa maji kwa siku mbili, majani ya ndani huvimba kabla jani la nje halijalainika, nalo hupasuka zaidi. Ipe wiki tatu au nne.

Ukinunua kipimo cha unyevu, usikiamini mpaka ukipime. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya kawaida ya jikoni, dondoshea maji machache mpaka iwe kama uji mzito wala si maji ya chumvi, kisha weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa usiingize hewa, uuache usiku kucha. Asubuhi, kabla hujaufungua, soma. Lazima kionyeshe asilimia 75, kwa kuwa chumvi iliyolowa hivyo huishikilia hewa iliyofungiwa nayo kwenye kiwango hicho. Kikionyesha 70, basi kila mara uongeze tano. Nilifundishwa jambo hilo na baharia mmoja kwenye kaunta, nikawa siamini, nikalijaribu usiku ule ule kwa kifuniko cha bia ya Simba.

Muuguzi wa Katuba alijibu:

Sitahubiri, kwa kuwa kila mtu anayeandika hapa ni mtu mzima, lakini swali la namna ya kumwelekeza mzee linanihusu kwa kazi yangu. Watu hudhani kwamba sigari haina madhara kwa sababu moshi wake haumezwi mpaka mapafuni. Moshi wa sigari ni tofauti na wa sigareti: una hali ya ualkali, na kwa hiyo nikotini yake hupita moja kwa moja kwenye utando wa kinywa hata bila kuvutwa ndani. Saratani za kinywa, koo na umio huwapata wavutaji wa sigari vilevile, na sigari moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigareti.

Zaidi ya hayo, mjomba wako ametumia miaka 34 katika vumbi la mgodi. Kama hajapigwa picha ya kifua tangu aache kazi za chini, jioni hiyo itanguliwe na picha hiyo, na daktari akikataa, mkatae nanyi. Akiruhusiwa, basi iwe sigari ndogo, baada ya chakula kamili, nje kwenye upepo, na watoto pamoja na wajawazito wakae upande mwingine wa nyumba. Mtu asiyezoea akiona jasho baridi, kizunguzungu na kichefuchefu, hiyo ni nikotini. Aiweke chini, anywe maji, akae mpaka ipite. Nimewahi kumpokea bwana harusi usiku wa manane kwa sababu hiyo hiyo, akiwa bado na ua kifuani.

Mpwa wa Kampemba aliandika:

Nawashukuru. Nimeipasua. Mke wangu alishika taa na mimi nikashika wembe, na kilichomwagika kwenye karatasi ni makombo matupu, pamoja na kipande cha mshipa mgumu wa jani chenye unene wa njiti ya kiberiti, na kitu kinachofanana na jani la mgomba lililokauka, ingawa sitaapa. Majani marefu hayakuwamo hata moja. Chini ya kisanduku hapakuchomwa neno, pamebandikwa karatasi. Rafiki yangu sijamwambia wala sidhani kwamba nitamwambia, kwa sababu alinipa kwa moyo mweupe.

Picha ya kifua imepigwa Jumanne. Daktari ameona alama za zamani ambazo hazijaongezeka, na amesema sigari moja ndogo, bila kumeza moshi, hatakuwa yeye wa kuikataza, lakini isiwe desturi. Mjomba alifurahi kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kwenda kuogelea. Binamu yangu anayeishi Ubelgiji atakuja wiki mbili kabla ya sherehe na anauliza alete nini, mkono wake ukiwa mfupi.

Swali jingine, la udadisi tu. Nyumbani tuna kisanduku kidogo cha mbao ambacho babu alipewa na yule mhandisi kikiwa kitupu. Ndani tunaweka kadi za ubatizo. Kinaweza kutuambia babu aliokota vipande vya sigari gani?

Mkahawa wa Ziwani, Bukavu, aliandika:

Naingia kwa jambo moja tu, kwa kuwa naona mazungumzo yenu yamekosa kikombe. Watu wakifikiria sigari huiwekea konyaki au whisky kwa sababu ndivyo matangazo yanavyoonyesha. Wacuba wenyewe mara nyingi huinywea kahawa, nyeusi na tamu. Mwambie binamu yako asibebe chupa. Huku kwetu kahawa ya arabika ya Kalehe, ya Idjwi na ya Minova ipo, inakuzwa kwenye miteremko ya ziwa Kivu, ina uchachu wa matunda unaokata uzito wa moshi mdomoni. Isiokwe mpaka iwe nyeusi ti, na iwekewe sukari kidogo. Nimeinywa hivyo pamoja na mzee mmoja wa Fizi, naye ndiye aliyenianzishia habari ya Tatu.

Kwa vijana wasiojua: mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika akitokea Kigoma, akakaa katika milima ya Fizi mpaka mwezi wa kumi na moja. Wacuba walichukua majina ya Kiswahili kufuata hesabu, na yeye, ingawa ndiye mkubwa wao, akajiita Tatu. Alikuwa na pumu, na bado alivuta. Baadaye aliandika kwamba huku hakupungukiwa sana na udhaifu wake wawili, yaani tumbaku na vitabu. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba moshi wa Cuba ni mgeni katika Kivu, mwambieni ulifika kabla ya Cohiba yenyewe, iliyoanza mwaka 1966.

Mzee wa Kamalondo alijibu:

Pole kwa makombo, mwanangu. Mhifadhi rafiki yako.

Kwa mkono mfupi, binamu yako asiguse jina linalopigiwa kelele. Anunue H. Upmann Half Corona, ambayo ina urefu wa sentimita 9 tu na huuzwa pia katika kikopo cha bati chenye tano. Ni ya Cuba kweli, haimchoshi mgeni, na chapa yenyewe ni ya mwaka 1844. Kama mjomba anapenda hadithi ya kusimulia wakati moshi unapanda, ipo: mwezi wa pili 1962 Rais Kennedy alimtuma msemaji wake, Pierre Salinger, akatafute sigari ndogo za Upmann 1,000 usiku ule ule, Salinger alirudi asubuhi na 1,200, na hapo ndipo rais alipotia sahihi amri ya kuzuia bidhaa za Cuba. Salinger mwenyewe ndiye aliyeisimulia.

Akizikosa, atafute sigari ya Jamhuri ya Dominika yenye jani la nje la Kameruni. Watu wengi hawajui kwamba baadhi ya sigari zinazoheshimiwa sana Marekani huvikwa jani lililolimwa na wakulima wadogo wa Kameruni na Afrika ya Kati, jembamba, lenye vipele vidogo ukilipapasa, na ladha tamu kidogo. Zile za Arturo Fuente zinazoitwa Hemingway ni mfano. Nilipokuwa kazini niliwaonyesha wateja vipele hivyo chini ya taa, na wengine walitaka kubishana nami kwamba Afrika haiwezi kutoa jani la namna hiyo, huku wakiwa wameishika mkononi.

Siku yenyewe, mzee akate kichwa tu, milimita mbili hivi, juu ya mstari unaoonyesha pale kofia ya jani ilipogandishwa. Akikata chini ya mstari huo, sigari yote itafumuka mkononi. Awashe kwa njiti ndefu za kiberiti au kwa kiberiti cha gesi. Mshumaa na kiberiti cha petroli huacha ladha yake mdomoni. Kwanza mguu wa sigari ukaangwe juu ya ncha ya moto bila kuugusa, huku akiizungusha, mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo avute. Baada ya hapo avute mara moja kwa dakika, si zaidi. Anayevuta kwa haraka huipandisha joto ikawa chungu, kisha akailaumu Cuba. Majivu yasikung’utwe kila dakika. Na akichoka, asiisage kwenye kisahani kama sigareti, kwa kuwa itanuka vibaya. Ailaze tu, itazimika yenyewe. Pete anaweza kuivua ikiwa imepata joto, gundi ikilegea. Kuivua mapema huchana jani.

Kuhusu kisanduku cha babu, kigeuze usome chini. Nina dhana yangu lakini sitaisema kabla hujasoma.

Mpwa wa Kampemba aliandika:

Nimekigeuza. Hakuna Habana popote. Pamechapwa maneno ya Kifaransa yanayosema kimetengenezwa Ubelgiji, na jina la mji ambalo nusu yake imefutika. Binamu analisoma kuwa Geraardsbergen.

Mzee wa Kamalondo alijibu:

Ndivyo nilivyodhani. Geraardsbergen na Arendonk ilikuwa miji ya sigari Ubelgiji, na Mbelgiji wa mgodini, hata mhandisi, kila siku alivuta ya kwao. Ya Havana aliiweka kwa ajili ya mkurugenzi akija. Zile za Kibelgiji na za Kiholanzi ni sigari kavu, nyingi zikiwa na majani ya Java na Sumatra. Hazihitaji kifuko wala sanduku la unyevu. Zingekaa juu ya kabati lako kiangazi kizima bila kukudai kitu.

Mpwa wa Kampemba aliandika:

Nawaletea habari, kwa kuwa mmenisindikiza. Jioni ilikuwa Jumamosi. Sigari tano za Upmann zilikaa siku 13 katika sanduku la plastiki la mke wangu (kipimo kilionyesha 71 kwenye chumvi, kwa hiyo tuliongeza nne), na jani halikupasuka hata moja. Tulikula kwanza, kisha kahawa ya Minova ikaletwa barazani katika vikombe vidogo, na mjomba akakata, akakaanga mguu kama alivyoelekezwa, polepole mno, mpaka wenzake wanne walioshika zao wakaanza kumcheka.

Alivuta. Akatazama moshi ukienda upande wa uzio. Akavuta tena, akanusa sigari yenyewe, akaninyooshea mkono.

Akasema, “Ni tamu. Lakini siyo ile.”

Ndipo nilipomletea kisanduku cha kadi za ubatizo nikamwonyesha maandishi ya chini. Aliyasoma kwa miwani, kisha bila miwani, halafu akacheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini, akasema kwamba kumbe baba yake alikuwa akiringa mtaa mzima kwa mikia ya sigari za bei ya sokoni. Aliivuta ile ya Cuba mpaka nusu, akailaza kwenye kisahani, ikazimika yenyewe kama mlivyosema. Kabla wageni hawajaondoka alikuwa tayari amemwita binamu pembeni, akampa noti na jina la mji aliloliandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, amtafutie mbili tu za Kibelgiji, zilizo kavu.

Daktari bado hajaambiwa habari ya hizo mbili. Kile kisanduku cha kioo mke wangu anawekea vifungo. Kufuli yake, tuseme ukweli, inafunga vizuri.